Bibi aliniuliza, mkipigana busu mnasikia nini

Mwaka jana mwezi wa saba bibi yangu alikuja kukaa kwetu Nyegezi. Alikuja na meli ya Nansio, na kiroba cha michembe na kuku mmoja, alikuja kwa ajili ya macho maana jicho la kushoto lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho na alikuwa amepangiwa kufanyiwa upasuaji. Bibi ameshapita miaka 80, amezaliwa Ukerewe, ameolewa Ukerewe, amezika mume Ukerewe, na mimi ndo mjukuu aliyenilea mpaka darasa la tatu.

Sasa mume wangu anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na sisi tuna kawaida yetu, hata kama tumelala tumenuniana, kabla hajatoka tunapigana busu pale mlangoni, busu la mdomo, sio la shavu. Siku ya tatu bibi yuko kwetu tukafanya kama kawaida, nikafunga mlango, nageuka namkuta bibi amekaa kwenye kochi gizani amejifunika khanga, ananiangalia na lile jicho lake zima. Hakusema kitu. Nikamwamkia shikamoo bibi, marahaba mama, nikaenda zangu jikoni moyo unadunda kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Mchana tukawa tunachambua dagaa kwenye ungo, mimi natoa mchanga yeye anatoa vichwa, ndo akaniuliza, taratibu tu, kama mtu anayeuliza matumizi ya dawa mpya: "Mjukuu wangu, kile mnachofanya na mwenzio pale mlangoni, mkifanya mnasikia nini?"

Nikasema raha, bibi.

Akasema, "Raha ya wapi? Ya mdomoni au ya tumboni?"

Kiukweli nilikosa jibu. Mimi ni mtu wa maabara, miaka tisa naangalia damu za watu, mkojo wa watu, makohozi ya watu kwenye darubini, nikiona kimelea cha malaria nakijua hata nikiwa na usingizi, lakini kitu ambacho mwili wangu mwenyewe unakifanya kila alfajiri mlangoni kwangu nilikuwa sijawahi hata kujiuliza kinafanyikaje. Kwahiyo nikaanza kusoma, usiku mtoto akishalala, nasoma kwenye simu, na kesho yake namwelezea bibi. Alikaa kwetu wiki tatu. Hii makala ni zile stori zetu.

Kwanza niseme kwamba bibi hakuuliza kwa kushangaa upuuzi. Yeye na babu hawakuwahi kubusiana mdomo, aliniambia wazi, na wala hakuona wenzake wakifanya, na mimi nimekuwa nikisikia watu wakilichukulia hili kama ushahidi kwamba wazee wetu hawakujua mapenzi, au upande wa pili wanasema denda ni uchafu ulioletwa na sinema. Wote hawako sahihi. Mwaka 2015 William Jankowiak na wenzake walipitia taarifa za jamii 168 za duniani kote, wakakuta busu la mdomo la kimapenzi kwenye asilimia 46 tu. Chini ya nusu! Na kwa wawindaji na wakulima wadogo wa huku kwetu kusini mwa Sahara watafiti hawakuwa wameliripoti. Upande mwingine, huko Mesopotamia, Iraki ya leo, kuna vibao vya udongo vya miaka kama 4,500 iliyopita ambavyo vimeandika habari za watu kubusiana midomo, kwahiyo sio kitu cha sinema, ni kitu cha zamani sana ambacho baadhi ya watu walikuwa nacho na wengine walikuwa na njia zao. Hata neno lenyewe busu ni la kuja na majahazi, Waajemi wanasema buse. Denda ndo la kwetu kabisa, udenda si ni yale mate yanayomtoka mtoto mdomoni.

Haya, mdomo.

Ngozi ya lipsi ni nyembamba sana, matabaka yake ya seli ni machache, ndo maana damu inaonekana kwa chini na zinakuwa na rangi yake peke yake, afu haina vinyweleo, haina tezi za jasho, ndo maana upepo wa ziwa wa kipupwe ukipiga kinachoanza kupasuka ni lipsi. Lakini chini ya hiyo ngozi nyembamba kumejaa miisho ya neva, imebanana kama watu kwenye daladala ya Buhongwa saa moja asubuhi. Nilimfanyia mume wangu jaribio ambalo na wewe unaweza kulifanya leo, chukua vijiti viwili vya kuchokolea meno, mwambie mtu afumbe macho, mguse mgongoni na vijiti vyote viwili kwa pamoja ukiwa umeviachanisha kama sentimita tatu, atakwambia umemgusa na kimoja. Sogea kwenye lipsi, viweke karibu karibu kabisa, milimita chache tu, atakwambia viwili. Mume wangu alibisha mpaka nikamwonesha vijiti.

Habari za kuguswa lipsi zinapita kwenye neva inaitwa trijemino, ni ya tano kati ya zile jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo, haipiti kwanza kwenye uti wa mgongo kama habari za mguu. Na zikifika zinapokelewa na eneo kubwa ajabu. Miaka ya 1930 kule Montreal, Canada, kulikuwa na daktari wa upasuaji wa ubongo anaitwa Wilder Penfield, alikuwa anawapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, maana ubongo wenyewe ukiguswa hauumi, anagusa sehemu moja moja kwa umeme mdogo sana na mgonjwa anamwambia nahisi kidole, nahisi ulimi, nahisi mdomo. Mwaka 1937 yeye na mwenzake Edwin Boldrey wakatoa ramani ya sehemu hizo zote za mwili ndani ya ubongo. Ukichora mtu kwa kufuata ukubwa wa nafasi aliyopewa ndani ya ubongo anatoka kiumbe cha ajabu, kiwiliwili kidogo kama cha panya, mikono mikubwa, na lipsi zimetokeza kuliko uso wote. Nilimwonesha bibi ile picha kwenye simu, akaisogeza karibu na jicho zima, akaangalia weee, akasema "kwahiyo huyu ndo mimi ndani?" Nikasema ndio bibi, huyo ndo wewe, na ndo mimi, na ndo kila mtu hata kama hajawahi kubusiwa.

Nililala nalifikiria hilo. Ile nafasi yote ubongo umeitenga kwa ajili ya mdomo, na haikutengwa kwa ajili ya wapenzi, ilitengwa kwa kunyonya, kula, kuongea, kujua samaki ana mwiba. Busu linakuja kukaa kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa.

Macho kwanini tunafumba? Mwaka 2016 Polly Dalton na Sandra Murphy wa Royal Holloway, chuo cha London, walionesha kwamba macho yakiwa na kazi nyingi ya kuangalia, mtu anapunguza kuhisi mguso mkononi. Hawakupima busu, walipima mkono, ila mimi nimeridhika nalo maana linaendana na ninachokijua mwenyewe, nikifumba naona zaidi. Na vichwa navyo, Onur Güntürkün wa Bochum, Ujerumani, aliwachungulia watu 124, samahani sio watu, jozi 124 za watu wakibusiana viwanja vya ndege, stesheni, ufukweni na bustanini huko Marekani, Ujerumani na Uturuki, akaandika mwaka 2003 kwamba karibu theluthi mbili waligeuzia kichwa kulia. Sisi pia ni kulia. Tulijaribu kushoto tukagongana pua.

Moyo kwenda mbio ni adrenalini, inatoka kwenye tezi mbili ndogo zimekaa juu ya figo, ni ile ile inayokutoka ukikoswakoswa na bodaboda pale Buzuruga, na dopamini nayo inamwagika kwenye ile njia ya ubongo ya kutaka tena, kwahiyo jibu la lile swali la bibi, raha iko mdomoni au tumboni, ni kwamba raha iko kichwani na mapigo yako kifuani. Kilichonishika zaidi ni kitu kingine, kortisoli, ile homoni ya presha za maisha. Wendy Hill wa chuo cha Lafayette huko Marekani alichukua wapenzi, akawapima kabla na baada ya kubusiana, akaeleza matokeo mwaka 2009: kortisoli ilishuka kwa wote, wanaume kwa wanawake. Na oksitosini, ile wanayoiita homoni ya upendo, ile inayomsaidia mama kujifungua na kutoa maziwa, alitegemea ipande kwa wote, ikapanda kwa wanaume, kwa wanawake haikupanda. Jaribio lilifanyika kwenye kituo cha afya cha chuo. Mimi kama mwanamke nasema, mwanamke hawezi kuambiwa haya busu, kwenye chumba cha sindano, afu mwili wake ukubali kudanganywa kwamba uko nyumbani. Sisi mwili wetu unasikiliza na mlango, na nani yuko sebuleni, na kama mtoto amelala.

Na bado kuna Kory Floyd wa Arizona, yeye mwaka huo huo wa 2009 aliwachukua watu wazima 52 wenye wenzi wao, kundi moja likaambiwa ongezeni kubusiana kwa wiki sita, jingine halikuambiwa kitu. Waliozidisha mabusu wakajisikia presha za maisha zimepungua, wakaridhika zaidi na uhusiano wao, na kolestro kwenye damu ikashuka. Nilimsomea mume wangu hii akiwa anakula, akaacha ugali.

Siku ya upasuaji bibi alirudi amefungwa bandeji, na jioni yake akasema nimsimulie kitu maana haoni hata TV. Nikamsimulia ya wadudu, na hapo ndo stori ilipogeuka.

Mwaka 2014 Mholanzi Remco Kort na wenzake walichukua jozi 21 za wapenzi pale Amsterdam, wakamnywesha mmoja wao kinywaji cha maziwa mgando chenye bakteria wanaojulikana, afu wakawaambia wabusiane denda kwa sekunde 10, wakaenda kuhesabu kwa yule mwingine. Bakteria mpaka milioni 80 walikuwa wamehama. Sekunde 10! Na wale waliokuwa wanabusiana hivyo mara tisa au zaidi kwa siku, mate yao yalikuwa yameshafanana, yaani wadudu wa huyu na wadudu wa yule wamekuwa kijiji kimoja. Mdomo wa binadamu umekutwa na aina zaidi ya 700 za bakteria na wengi wao hawana ubaya wowote, ni wapangaji wa kudumu.

Bibi akasema, "Milioni 80. Na bado mnafanya?"

Nikasema bibi, hao tunao tayari. Nikamwambia na ya Ukimwi pia, maana najua bado kuna watu wanaogopa, miaka ile ya tisini huku Kanda ya Ziwa watu walikuwa wanatenga mpaka vikombe, wakati mate hayaambukizi virusi vya Ukimwi, ni mpaka kuwe na damu, wote wawili wana vidonda au fizi zinatoka damu, na hata hivyo ni nadra sana sana. Kilichokuwa kinasaidia kilikuwa kingine kabisa, na kilionekana hapa hapa mkoani Mwanza, utafiti uliotoka mwaka 1995 ulikuta kwamba vijiji ambavyo watu walitibiwa vizuri magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya Ukimwi yalipungua kwa kama asilimia 40. Dunia nzima ilisoma habari za vijiji vyetu.

Virusi vinavyopita kwenye mate kweli kweli ni vingine. Kuna herpesi aina ya kwanza, ile tunayosema homa imemtokea mdomoni, vile vipele vya maji pembeni ya lipsi, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 wa chini ya miaka 50 wanacho, wengi hawajui. Kinaishi wapi? Kwenye kifundo cha ile ile neva ya trijemino. Kinapanda njia ile ile inayopanda raha, kinajificha huko maisha yote, siku mwili ukichoka kinashuka tena. Kwa mtu mzima ni usumbufu, kwa kichanga inaweza kuwa hatari ya kifo, kwahiyo mtu mwenye kipele mdomoni asimbusu mtoto mchanga, awe shangazi awe nani, mtanisamehe.

Na kuna cha pili, na hiki ni cha ziwa letu.

Bibi alikuwa amenyamaza muda, afu akasema, "Mimi wewe nilikutafunia." Ndo hivyo, mama yangu alinizaa akaumwa, bibi akanichukua, akawa anatafuna kipande cha sato, anatoa miiba yote kwa ulimi, anakilainisha, ananitilia mdomoni. Kuna wanaofikiri busu lenyewe lilianzia hapo, mama kumlisha mtoto mdomo kwa mdomo. Kwahiyo mtu wa kwanza kunipa mate yake alikuwa bibi yangu ambaye hajawahi kubusu mtu.

Sasa hivyo ndo kirusi cha Epstein-Barr kinavyotembea. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, kinakaa kwenye chembe nyeupe za damu na kinatoka kidogo kidogo kwenye mate bila mtu kuumwa chochote. Nchi za Ulaya na Marekani wengi wanakipata ujanani, kwenye mabusu ya kwanza, kinawalaza na homa na koo mpaka wanauita ugonjwa wa busu. Huku kwetu tunakipata tukiwa wadogo sana, kwa kikombe, kijiko, kidole, kutafuniwa, na wengi hatusikii hata mafua. Ila kwa watoto wachache, hasa wale ambao malaria imewapiga na kurudia kurudia, kirusi hiki kinahusika na saratani inayovimbisha taya.

Aliyeiandika vizuri ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, mwaka 1958. Ziwa lile lile. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari moja kuukuu la Ford wakazunguka kutoka Uganda kushuka mpaka Afrika Kusini, kama kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali wanauliza mmewaona watoto wa namna hii? Wakakuta ugonjwa unafuata joto na mvua, yaani unafuata mbu. Mwezi wa tatu mwaka huo huo alikuwa ametoa mhadhara London, na kati ya wasikilizaji alikuwepo mtafiti anaitwa Anthony Epstein ambaye alitoka pale anaamini kuna kirusi. Akawa anatumiwa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, miaka inapita haoni kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege ikashindwa kutua London kwa ukungu ikapelekwa Manchester, sampuli ikachelewa, ilipomfikia maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angemwaga. Mimi nimefanya kazi maabara, najua jinsi mkono unavyokuwa mwepesi kumwaga sampuli iliyochelewa. Yeye akaweka tone kwenye darubini akakuta sio uchafu, ni seli za uvimbe zimeachana zinaelea zenyewe zikiwa hai, na hizo ndo zilikubali kukuzwa, na ndani yake mwaka 1964 yeye na Yvonne Barr na Bert Achong wakakiona kirusi. Kirusi cha kwanza kujulikana kinachohusika na saratani ya binadamu kilitoka kwenye taya la mtoto wa huku kwetu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipita wodi ya watoto pale Bugando, nikamwona mtoto wa kama miaka mitano, shavu moja limejaa, meno yanacheza, anachezea kizibo cha soda. Ugonjwa huu unasikia dawa kuliko saratani nyingi, mtoto akiwahishwa uvimbe unayeyuka kwa wiki chache tu. Kwahiyo ukiona taya la mtoto linavimba haraka, na sio jino, usikae na majani ya kukanda, nenda hospitali leo.

Bibi aliposikia haya akaanza kulia, kwa jicho moja, lile lisilofungwa. Akauliza, "Kwahiyo nilikuwa nakupa ugonjwa?" Jamani. Nilimshika mikono nikamwambia hapana bibi, kirusi karibu kila mtu anacho, mimi ninacho na mume wangu anacho, kilichokuwa kinaua watoto ni malaria kuja juu yake, na wewe ulinilaza kwenye neti mpaka nikakua, na bila kile kipande cha sato nisingefika hapa kukusimulia. Namaanisha hilo mpaka leo. Siwatetei watu kumtafunia mtoto siku hizi, wangu nilimpondea kwa kijiko, lakini sitakubali mtu aniambie mdomo wa bibi ulikuwa uchafu.

Kuna na sokwe, nilimpa hii ili kumchangamsha. Pale Rubondo, kisiwa kile cha hifadhi upande wa Geita, kuna sokwe ambao wazazi wao walirudishwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, walikuwa kwenye mazuu huko, wakaachiwa msituni. Na sokwe wakishagombana wanasuluhishana kwa kubusiana, Frans de Waal aliliandika hilo miaka ya sabini kwenye zuu la Arnhem, Uholanzi, wawili wanapigana, wanakaa mbali kidogo, afu mmoja anakuja na kuweka mdomo wake kwa mwenzake. Bibi akasema hao wana akili kuliko wajomba zako.

Lakini jibu lenyewe la swali lake nililipata siku za mwisho kabisa, na ni la pua. Watu wawili wakibusiana pua zinakuwa kwenye shavu la mwenzake, pumzi inaingia yote, na harufu ni habari inayofika ubongoni kwa njia fupi sana, inafika karibu kabisa na sehemu za kumbukumbu na hisia. Mwaka 1995 kule Bern, Uswisi, Claus Wedekind aliwapa vijana wa kiume 44 fulana wazivae usiku mbili bila marashi bila sabuni ya kunukia, afu akawapa wasichana 49 wazinuse. Kwa wastani walipendelea harufu ya wanaume ambao jeni zao za kinga ya mwili zinatofautiana na za kwao, na waliokuwa wanameza vidonge vya uzazi wa mpango wakawa kinyume chake. Tafiti zilizokuja baadaye hazikukubaliana zote, na mimi sitaki kumwambia mtu kwamba pua itamchagulia mume. Ila Gordon Gallup na wenzake huko Albany, New York, waliwauliza wanafunzi kama wamewahi kumpenda mtu afu baada ya busu la kwanza wakajikuta hawamtaki tena, asilimia 59 ya wanaume na 66 ya wanawake wakasema ndio. Kuna kitu mwili unakisoma pale ambacho maneno hayakifikishi.

Nilimwambia bibi hivyo tukiwa tumekaa nje jioni, bandeji imeshatolewa, anaangalia ziwa kwa mbali kule chini anaona mpaka mitumbwi. Nikamwambia nafikiri ndo tunachosikia, bibi, tunasikiana. Nikimbusu alfajiri namjua kama ana homa, kama hajalala, kama ana wasiwasi na mzigo, kabla hajafungua mdomo kusema.

Akakaa kimya muda mrefu. Afu akaanza kuniambia habari za koti la babu.

Babu alikuwa anavua dagaa kwa karabai, wakati wa giza wanaingia ziwani jioni wanatoka alfajiri, alikuwa na koti moja zito la kaki, la baridi. Bibi anasema akirudi yeye hakuwa anamuuliza chochote, anampokea koti, na kabla hajalitundika analipeleka usoni, hivi, akanionesha kwa khanga yake, akaifunika pua yote na mdomo. Mafuta ya taa, dagaa, moshi, na jasho lake. Anasema alikuwa anajua wamepata au wamekosa, anajua kama kuna dhoruba imewapiga, anajua kama anaumwa, na babu alikuwa anasimama pale pale anamsubiri amalize, haingii ndani mpaka amalize, miaka yote hiyo. Alipofariki watu waligawana nguo lile koti bibi akakataa, akaliweka kwenye sanduku lake la bati, analitoa usiku.

Nikamuuliza bado lipo? Akasema lipo, aliliosha mwaka wa pili, harufu ilipokuwa imeshaisha yenyewe.